Maswali ya Wasomaji: Sarajevo, Mji wa Madaraja Kati ya Milima

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa sentensi moja tu, kwamba jina la Kariakoo lina uhusiano na risasi zilizopigwa kando ya daraja katika mji wa Sarajevo, nchini Bosnia na Herzegovina. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yote iliyoibeba. Kwa kuwa nimewahi kukaa majuma mawili katika mji huo, na tangu hapo sijaacha kuusoma, Mhariri amenikabidhi barua hizo nizijibu. Nimechagua tano.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia. Wanafunzi wangu wanayajua mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, lakini nikiwaambia kwamba chanzo chake kiko kwenye daraja la mji wa Ulaya, wanadhani natia chumvi. Je, ni kweli kwamba risasi ya Sarajevo ndiyo iliyozaa Kariakoo? Na daraja hilo bado lipo?
*Mwalimu, Tanga*

Hutii chumvi, Mwalimu, ingawa kati ya risasi ile na jina la Kariakoo pana hatua kadhaa ambazo ni vyema wanafunzi wazipitie moja baada ya nyingine.

Daraja lenyewe lipo hadi leo na huitwa Latinska ćuprija, yaani Daraja la Walatini, kwa sababu ya mtaa wa Wakatoliki uliokuwa jirani nalo. Lilijengwa upya kwa mawe mwishoni mwa karne ya 18, baada ya mafuriko ya mwaka 1791 kuliharibu lililotangulia. Lina matao manne, na juu ya nguzo zake yametobolewa matundu mawili ya duara, hata ukisimama ukingoni waweza kudhani kwamba daraja linakutazama. Mto linaouvuka ni Miljacka, na mgeni anayeuona kwa mara ya kwanza hushangaa, maana jina lake ni kubwa kuliko maji yake. Wakati wa kiangazi nimeyaona maji hayo, yenye rangi ya udongo, yakipita juu ya mawe bila hata kuyafunika.

Udogo huo wa mto umo ndani ya historia yenyewe. Bosnia ilikuwa imekaliwa na dola ya Austria na Hungaria tangu mwaka 1878, na mwaka 1908 dola hiyo ikaitwaa rasmi kuwa milki yake, jambo lililowachoma mioyo vijana wengi wa Kisabia. Tarehe 28 Juni 1914 mrithi wa kiti cha enzi, Franz Ferdinand, aliutembelea mji pamoja na mkewe Sophie, nao wakapita kwa gari la wazi katika barabara ya kando ya mto, ambako vijana kadhaa walikuwa wamejipanga kumwua. Mmoja wao, Nedeljko Čabrinović, alitupa bomu likamkosa mlengwa, likalipuka chini ya gari lililofuata. Akameza sumu na kujitupa mtoni. Sumu haikumwua, na maji yalikuwa haba mno kumzamisha mtu, akakamatwa palepale.

Msafara uliendelea hadi kwenye jumba la halmashauri ya mji. Walipotoka hapo, Franz Ferdinand alitaka kwenda hospitali kumjulia hali ofisa aliyejeruhiwa, hivyo ikaamuliwa kwamba magari yafuate barabara ya mto moja kwa moja. Lakini dereva hakupewa habari ya badiliko hilo, akakata kona penye Daraja la Walatini kama ilivyopangwa awali. Alipoambiwa kwamba amekosea njia, alisimamisha gari ili arudi nyuma. Pembeni, hatua mbili tatu kutoka pale, alikuwa amesimama Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19. Alipiga risasi mbili, na mume na mke wote wawili wakafa.

Baada ya mwezi mmoja, tarehe 28 Julai, Austria na Hungaria ilitangaza vita dhidi ya Serbia. Mataifa yaliyofungana kwa mikataba yakaburutana, na tarehe 4 Agosti Uingereza ikaingia vitani dhidi ya Ujerumani. Kwa kuwa Waingereza walitawala Kenya na Wajerumani walitawala Tanganyika, tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza ilikuwa tayari inaipiga mizinga Dar es Salaam. Mapigano ya mjini kwenu yalifuata mwanzoni mwa Novemba.

Vita hivyo vya Afrika Mashariki havikupiganwa kwa malori. Barabara zilikuwa chache na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, hivyo chakula na risasi vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi kilichoitwa kwa lugha yao Carrier Corps, na makumi ya maelfu ya watu wetu walikufa humo, wengi wao kwa malaria, kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916, wapagazi walipigishwa kambi katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko, na jina la kikosi likageuzwa na ndimi zetu kuwa Kariakoo. Nairobi nako jina hilohilo likawa Kariokor. Waambie wanafunzi wako, Mwalimu, kwamba anayeshuka daladala Kariakoo anataja jina la watu ambao wengi wao hawana hata kaburi, na kwamba vita vilivyowamaliza vilianzia kwenye kona ambapo dereva mmoja hakuambiwa apite njia gani. Kwenye kona hiyo leo pana jumba dogo la makumbusho, na kuna alama ukutani inayoonyesha mahali risasi zilipopigwa.

Assalamu alaikum. Mimi ni mkazi wa Mji Mkongwe. Nimesikia kwamba Sarajevo ulianzishwa kwa mali ya wakfu. Kwetu Unguja tunazijua nyumba za wakfu, na Hamamni tunayo, ndiyo maana habari hii imenivutia. Naomba mnieleze ni nani aliyeuanzisha, na kama wakfu huo bado unafanya kazi.
*Bibi msomaji, Unguja*

Waalaikumu salaam, Bibi. Umeligusa jambo ambalo nalipenda kuliko yote katika historia ya mji huo.

Mwanzilishi wake anahesabiwa kuwa Isa-beg Ishaković, aliyetawala eneo hilo kwa niaba ya Sultani wa Waturuki wa Usmani. Hati yake ya wakfu ya mwaka 1462 ndiyo karatasi inayohesabiwa kuwa cheti cha kuzaliwa cha mji. Aliweka wakfu daraja juu ya Miljacka, hamamu, nyumba ya wasafiri, maduka na vinu vya kusagia, ili mapato yake yaitunze zawia ambamo wapita njia na wanafunzi maskini wangepata chakula. Msikiti aliomjengea Sultani ulichomwa, ukajengwa tena karne ya 16, nao bado unaitwa Msikiti wa Mfalme. Jina la mji linatokana na Kituruki, likiwa na maana ya uwanda ulioko kando ya kasri, yaani kasri la gavana huyo.

Aliyeukuza mji hata ukawa mkubwa ni Gazi Husrev-beg, gavana ambaye mama yake alikuwa binti wa Sultani Bayezid wa Pili. Msikiti wake, uliojengwa kati ya mwaka 1530 na 1532, una kuba pana na mnara mmoja mwembamba, na uani pana chemchemi ya kutawadhia iliyoezekwa kwa paa la mbao, ambapo watu hujaza chupa zao wakati wa joto. Aliongeza hamamu, jiko la kulisha maskini, soko lililoezekwa, na mwaka 1537 madrasa. Katika hati ya madrasa aliagiza kwamba fedha zitakazobaki baada ya ujenzi zinunuliwe vitabu vizuri. Kutokana na agizo hilo moja ikazaliwa maktaba ambayo leo ni miongoni mwa hazina kubwa za hati za Kiarabu, Kituruki na Kiajemi katika Ulaya ya kusini-mashariki. Vita vilipoingia mwaka 1992, wafanyakazi wa maktaba hiyo walizihamisha hati zao mara kadhaa kutoka jengo moja hadi jingine, wakizibeba katika maboksi ya ndizi, nazo zikanusurika.

Naam, Bibi, wakfu huo bado upo. Madrasa inafundisha, na msikiti unaswaliwa.

Na kwa kuwa umeitaja Hamamni, kuhusu maji nenda na jina la sebilj. Katikati ya soko kuu, Baščaršija, kuna kibanda cha mbao chenye paa la kuba na bomba la maji ya kunywa bure. Cha kwanza kilijengwa mwaka 1753. Kilichopo kilijengwa baadaye na kimewekwa hatua chache kutoka mahali pa zamani. Neno hilo lina asili moja na lile tunalolitaja tunapotoa kitu fisabilillahi. Wenyeji husema kwamba anayekunywa maji hayo atarudi Sarajevo. Njiwa wa pale ni wengi kiasi kwamba mtu anayekula mkate hulazimika kuufunika kwa kiganja. Ukitembea hatua chache kuingia uchochoro wa Kazandžiluk, utasikia nyundo za mafundi wa shaba kabla hujawaona. Wanagonga birika ndogo za mkono mrefu ambazo kahawa hupikiwa, na kahawa hiyo huletwa mezani pamoja na vikombe visivyo na mkono, kama vile vya wauza kahawa wa barazani kwetu.

Mhariri, nimesoma kwamba Sarajevo huitwa Yerusalemu ya Ulaya. Kwa nini?
*Msomaji, Mombasa*

Kwa sababu katika eneo ambalo mtu hulimaliza kwa miguu kwa dakika chache kuna msikiti wa Gazi Husrev-beg, kanisa la kale la Waorthodoksi, kanisa kuu la Wakatoliki lililokamilika mwaka 1889, na sinagogi la karne ya 16. Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walipata hifadhi katika dola ya Waturuki, na baadhi yao walifika hapa. Makumbusho ya Taifa ya Sarajevo yanahifadhi Hagada yao, kitabu cha ibada ya Pasaka kilichoandikwa na kupambwa kwa picha huko Hispania katika karne ya 14. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mkutubi Mwislamu, Derviš Korkut, alikificha kisichukuliwe na Wanazi. Sipendi sana jina hilo la Yerusalemu, kwa sababu linaufanya mji uonekane kivuli cha mji mwingine, lakini hicho ndicho chanzo chake.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, nyumbani kwetu ni chini ya Mlima Kilimanjaro. Sisi tunauona mlima kuwa baraka. Lakini nimesoma kwamba Sarajevo ilizingirwa kwa sababu ya milima yake. Nisaidieni kuelewa.
*Mwanafunzi, Moshi*

Marahaba, mwanangu. Wao pia waliiona kuwa baraka, na hilo ndilo linaloifanya habari hii iwe chungu.

Sarajevo uko kwenye bonde, takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Miljacka unapita katikati ukitoka mashariki kwenda magharibi, na nyumba zimepanda miteremko ya pande zote mbili, hata mtaa wa mtu huweza kuwa juu ya paa la mwingine. Kuzunguka bonde hilo kuna Trebević, Jahorina, Igman na Bjelašnica, ambao kilele chake kinapita mita 2,000. Milima hiyo ilileta chemchemi, kuni, theluji na ulinzi. Mwezi Februari 1984 ilileta pia Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, na majina ya Bjelašnica na Jahorina yakasikika duniani kote. Kwenye mteremko wa Trebević ulijengwa mfereji mrefu wa zege ambamo sleji za mashindano ziliteleza kwa kasi.

Baada ya miaka minane tu, Yugoslavia, nchi ambayo Bosnia ilikuwa sehemu yake, ikiwa inavunjika na Bosnia ikiwa imepiga kura ya kujitenga, majeshi ya Wasabia waliopinga uhuru huo yalishika milima ileile. Tarehe 5 Aprili 1992 waandamanaji wa amani walipigwa risasi, na wanawake wawili, Suada Dilberović na Olga Sučić, wakafa kwenye daraja la Vrbanja. Mmoja alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Daraja hilo leo lina majina yao. Kuanzia siku hiyo mji ulizingirwa kwa siku 1,425, hadi tarehe 29 Februari 1996. Mwenye mzinga akiwa juu ya mlima, mji wa bondeni huwa kama sahani mezani mwake: huona soko, foleni ya mkate, watoto wanaocheza. Zaidi ya watu 11,000 waliuawa. Katika soko la Markale pekee watu 68 waliuawa kwa kombora moja tarehe 5 Februari 1994.

Jambo moja liangalie kwa makini. Umeme na maji ya bomba vilipokatika, watu walirudi kwenye maji ya mlima. Kiwanda cha bia cha mji, kilichoko upande wa kushoto wa mto, kina chemchemi chini yake, na familia zilipanga foleni hapo na madumu ya plastiki, huku zikijua kwamba foleni yenyewe huonekana kutoka juu. Na katikati ya mwaka 1993 watu walichimba njia ya chini kwa chini, yenye urefu wa mita 800 hivi, ikipita chini ya uwanja wa ndege. Sehemu iliyohifadhiwa nimeipita. Ni fupi kwa kimo, mtu mzima huinama. Mbao zimeegemezwa kuta zote mbili, na sakafuni pana reli nyembamba za vitoroli vya unga, dawa na majeruhi. Nilipotoka nje mgongo ulikuwa unauma, nami nilikuwa nimetembea hatua chache tu bila mzigo wowote.

Kuna pia jumba la halmashauri ambalo Franz Ferdinand alilitembelea ile asubuhi ya mwisho, liitwalo Vijećnica. Lilifunguliwa mwaka 1896, baadaye likawa Maktaba ya Taifa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 1992 lilipigwa makombora likaungua pamoja na sehemu kubwa ya vitabu vyake, na vipande vya kurasa zilizoungua vilielea juu ya mji. Limekarabatiwa na kufunguliwa tena tarehe 9 Mei 2014. Ng'ambo ya mto, mkabala nalo, ipo nyumba ndogo ya kale ambayo, kwa masimulizi ya wenyeji, ilikuwa upande wa pili. Mwenyewe alikataa kuuza kiwanja kwa ajili ya jumba hilo mpaka alipolipwa mfuko wa sarafu za dhahabu na nyumba yake kuhamishwa jiwe kwa jiwe kuvushwa mto. Huitwa Inat kuća, Nyumba ya Inat, neno lenye maana ya ukaidi wa kukomoa, na lenye asili ileile ya Kiarabu na neno letu inadi. Watu wa Sarajevo husema kwamba ni kwa inat hiyo walivyovumilia mzingiro: wanawake walipaka wanja na kuvaa vizuri kwenda kuchota maji.

Ukifika huko, mwanangu, tazama chini unapotembea. Mahali ambapo kombora liliua watu, sakafu ya zege ilibaki na tundu katikati na michirizi iliyotawanyika kulizunguka, mfano wa ua. Baadhi ya makovu hayo yamejazwa utomvu mwekundu, nayo huitwa waridi za Sarajevo. Mengine yanapotea kila lami inapowekwa upya, jambo linalonihuzunisha. Kisha panda Trebević kwa magari yanayoning'inia kwenye nyaya. Yalianza kazi mwaka 1959, yakaharibiwa vitani, yakarudishwa tarehe 6 Aprili 2018. Watu wazima wanaoishi chini yake walikaa zaidi ya robo karne bila kuupanda mlima wao kwa njia hiyo, na kwa muda mrefu sehemu za mlima zilikuwa na mabomu ya ardhini. Siku niliyopanda, bibi mmoja aliyekaa mbele yangu hakutazama mji hata kidogo, alitazama misonobari.

Mhariri, jirani yangu baharia anasema kwamba kuna mji Ulaya ambao saa yake inasoma kama yetu, jua likizama ni saa kumi na mbili. Nimembishia. Nani kati yetu ana haki?
*Msomaji, Lamu*

Jirani yako ana haki, ndugu yangu, na mji wenyewe ni huuhuu tunaouzungumzia. Kando ya msikiti wa Gazi Husrev-beg kuna mnara wa saa wa mawe, Sahat-kula, na bila shaka umelitambua neno la kwanza. Mitambo yake ililetwa kutoka London katika karne ya 19. Mishale yake haifuati saa ya kawaida ya Ulaya. Hupangwa ili ifike 12 jua linapozama, kwa sababu siku mpya ya Kiislamu huanza jua linapozama, nayo saa ya swala ya Magharibi ndiyo waliyoitaka kuijua.

Ila kuna tofauti ambayo unaweza kumrudishia jirani yako. Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu huzama karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo saa kumi na mbili jioni yetu haihitaji kuguswa. Sarajevo uko mbali kaskazini. Kwa saa zao za kawaida, tukizisoma kwa Kiswahili, mwezi Juni jua huzama karibu saa 2:30 usiku, na mwezi Desemba muda mfupi tu baada ya saa 10 jioni. Saa ya mnara ikiachwa yenyewe, baada ya siku chache itakuwa imeshaachana na jua. Kwa sababu hiyo mji una mtu wa kazi hiyo, aitwaye muvekit, neno linalotokana na wakati. Hupanda ngazi za mbao ndani ya mnara, hufungua mitambo, na kwa mkono wake huisogeza mishale dakika kadhaa, kisha hushuka, na baada ya siku chache hupanda tena.